Leo nimewatetea ng'ombe waliokula ufuta wetu

Ndiyo, mimi, binti wa mkulima wa Lionja. Someni mpaka mwisho ndipo mnitukane kwenye komenti.

Leo nimejiunga na klabu ya midahalo na diplomasia hapa chuoni. Kila mmoja anapewa nchi, anakuwa balozi wake, kisha mnajadiliana. Mada ilikuwa wakulima na wafugaji.

Nikapewa nchi ya wafugaji!

Nchi ya wakulima akapewa Masanja, jamaa wa Chunyu kule Ruangwa. Kwao wana ng'ombe mpaka basi.

Nikasimama kwa kujiamini: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hawa ng'ombe wamemaliza ufuta wetu!"

Ukumbi mzima kicheko. Balozi anaishtaki nchi yake mwenyewe 😂

Mwenyekiti akasema tubadilishane nchi na Masanja. Nikakataa. Niliyopewa ndiyo niliyopewa.

Nikaanza upya: "Mkilima mpaka ukingoni mwa mto, ng'ombe wanywe wapi?" Masanja naye akaulilia ufuta, ungedhani kaupalilia yeye. Tukakubaliana: ng'ombe waachiwe njia ya kwenda mtoni, na shambani wasiingie mpaka ufuta uvunwe.

Wamepiga makofi, jamani!

Nikampigia baba kumsimulia. Akauliza, "Na shamba letu limetetewa na nani?"

"Mtoto wa mfugaji, baba."

Basi baba akasema:

"Likizo mje naye kwenye mkutano wa kijiji. Na mkae hivyohivyo, wewe upande wao, yeye upande wetu."