Kidonge Kilichokuja Bila Pakiti

Alirudi upesi mno. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kabla hata sijaona alichoshika.

Nilikuwa Thika kwa mafunzo ya miezi michache. Kampuni yetu kule Njombe ilikuwa inaanza kuuza parachichi nje ya Tanzania, nikatumwa kujifunza namna ya kuyachambua na kuyahifadhi. Nilipanga chumba mtaa wa Ngoingwa kwa mama mmoja mcha Mungu. Kazini nikakutana na fundi wa vyumba vya baridi, mkaka mpole aliyechekea adabu yangu ya Kitanzania kila niliposema "naomba". Tukapendana. Jumamosi moja nilikwenda kwake Gatongora, upande wa Ruiru, na jioni ile kondomu ikapasuka.

Nilimwambia palepale kwamba kesho yake natafuta P2, kile kidonge cha kuzuia mimba cha dharura. Akanishika bega.

"Relax, babe. Nitakuletea mimi. Wewe ni mgeni, hao watu wa kemisti watakusumbua na maswali."

Nilishukuru, kwa sababu nilikuwa naogopa kweli. Ngoingwa nisingethubutu. Kemisti, yaani duka la dawa, iliyokuwa karibu ilikuwa ya wifi yake mama mwenye nyumba, na wote wawili walikuwa kikundi kimoja kanisani.

Asubuhi akatoka. Chai niliyobandika haikuwa imechemka, mara huyo amerudi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, njia ya kwenda stejini, kwenye kituo cha matatu, ilikuwa matope matupu, lakini raba zake nyeupe hazikuwa na doa. Akanipa kidonge kimoja kilichofungwa kwenye tishu.

"Pakiti iko wapi?"

"Nilitupa. Si ni wewe ulisema hutaki mtu ajue?"

"Umenunua wapi?"

"Hapo tu kwa steji, ile kemisti ya kijani. Meza basi. Unangoja nini?"

Alisimama mbele yangu na glasi ya maji. Kilikuwa kidonge kikubwa, chenye rangi ya maziwa yaliyokaa, na kilinukia utamu. P2 nilizowahi kuziona chuoni zilikuwa ndogo, ndani ya karatasi ya kung'aa. Yeye hakuwa ananitazama machoni. Alikuwa ananitazama mdomo.

Yakanijia mambo niliyokuwa nikiyachekea tu. Alishaulizia nyumba kubwa zaidi kabla hata sijamwambia kama nitabaki Kenya. Alisema mtoto wetu wa kwanza, kama ni msichana, ataitwa jina la mama yake. Na kila nilipotaja kurudi Njombe, alinyamaza mpaka jioni.

"Niletee kwanza kipande cha mkate," nikamwambia. "Sina kitu tumboni, nitatapika."

Aliponiachia glasi na kuingia jikoni nikakitia kidonge kwenye mfuko wa koti, nikanywa maji yote. Aliporudi nikamwonyesha glasi tupu. Akatabasamu, akanibusu kwenye paji la uso.

Nilimwambia kwamba mama mwenye nyumba ananisubiri twende kanisani. Alitaka kunisindikiza, nikakataa.

Pale stejini, mwanamke mmoja aliyevaa nguo za kanisani alikuwa anainama kufungua kufuli la kemisti ya kijani.

"Shikamoo," nilisema kwa mazoea, halafu nikauliza, "Mlikuwa mmefunga kidogo?"

"Kufunga? Ndio nafungua saa hii. Jumapili lazima niende misa ya kwanza."

"Hakuna mwenzako aliyefungua asubuhi?"

"Niko peke yangu, na ufunguo ni hii." Akauinua nione.

Nilimfuata ndani hadi kwenye meza ya kioo. Nikaomba P2. Akanipima kwa macho kutoka juu hadi chini.

"Wewe si wa huku. Tanzania, ama?"

Sikumjibu. Niliwaza: huyu atanikumbuka, huyu atasimulia.

"Ni yako ama umetumwa?"

"Ni yangu. Ilitokea jana."

Akaweka pakiti mezani. Niliigeuza kila upande, nikasoma tarehe, nikapapasa kingo nione kama imewahi kufunguliwa.

"Ngai! Kairetu, unafikiria nakuuzia njugu?" akashangaa, akiniita msichana kwa Kikuyu.

Ndipo nikaitoa ile tishu. "Na hiki ni nini?"

Alikitazama kwenye mwanga, akakinusa. "Kwa kuangalia tu siwezi apa. Lakini P2 haikai hivi. Nani alikupatia?"

"Mtu."

Aliacha kuuliza. Akanivutia stuli, akanimiminia maji ya chupa yake mwenyewe. "Meza hapa hapa. Ukitapika mapema, rudi. Na mwezi ikichelewa wiki nzima, upime."

Nilimeza. Nilipotoka nikamwona anachukua simu, na hata yeye nikamshuku.

Yule mwanaume alinipigia simu nikiwa bado napita kando ya matope.

"Umefika wapi?"

"Nimetoka kwenye kemisti yako ya kijani. Imefunguliwa sasa hivi."

"Ni vitamini," alisema. "Za dadangu, aliziacha hapa akiwa na mimba. Hazina madhara."

"Kwa nini?"

"Ungeenda zako. Ukiwa na mtoto wangu, haungeenda."

Alisema kwa upole uleule, kama mtu anayeeleza sababu ya zawadi.

Wiki zilizofuata sikunywa maji yoyote niliyoyaacha mezani kazini. Aliniletea chapati, nikazitupa. Niliomba kuhamishiwa ofisi ya mapokezi, mbali na vyumba vya baridi, bila kusema sababu. Hedhi ikachelewa. Nikapima, mstari mmoja, yaani hakuna mimba, nisiuamini. Nikanunua kipimo kingine duka tofauti, mjini Thika, nacho nikakitilia shaka. Hedhi ilikuja nikiwa kazini. Nilijifungia chooni nikalia huku nimeziba mdomo kwa mkono.

Siku ya kuaga, mafunzo yalipoisha, alinisubiri kwenye korido.

"Kwa hivyo hakuna kitu?" akauliza, akiangalia tumbo langu.

"Hakuna."

"Pole," akasema.

Mpaka leo sijui alikuwa anampa nani pole. Nilimpita, nikaenda kurudisha kitambulisho changu cha kazi kwa mlinzi wa getini.