Nilivyochekea Kamera Tororo

Aibu hii nimewaficha wanangu miaka yote, lakini ninyi ni wenzangu, basi chekeni polepole.

Enzi hizo, uhuru bado mpya, nilikuwa nimemchumbia Nabwire wa Dabani, na baba yake mdogo aliyekaa Kampala akasema hatoi neno mpaka aletewe picha ya huyo kijana. Shida ni kwamba mimi na kamera hatupatani: picha ya kwanza nilifumba macho, ya pili nikatoka kama mtu anayetafutwa na polisi (Nabwire aliitazama, akaigeuza uso chini). Nikapanda basi mpaka Tororo kwa mpiga picha aliyesifiwa kwamba anajua kuwalegeza waoga.

Akanivika koti la studio, akaniketisha, akawasha mataa makali mpaka sikuona kitu mbele yangu. Nikakauka. Akaniuliza kama nataka kuhesabu mpaka kumi au kuongea na mtu, na mimi kwa ujinga wangu nikachagua kuongea. Akamwita mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu yake nje, akamweka nyuma ya kamera.

"Wewe nasahau hii mashine," mpiga picha akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Ongea na mama tu."

Nikaongea kweli. Sauti yake ilikuwa ya upole, nami nikamwaga yote: mchumba, picha, na mama mkwe ambaye kwa desturi yetu Wasamia simkaribii wala simtazami usoni, ila nasikia ni mkali hata mbwa wa majirani wanazunguka mbali kukwepa boma lake. Nikacheka kwa raha zangu, kamera ikalia.

"Mbwa wanaozunguka ni wa jirani Wandera tu," mama akasema taratibu. "Wa Ouma wanaingia mpaka jikoni."

Taa zikazimwa. Nikaona sura ya Nabwire, ila imezeeka kidogo.

Niliruka, nikajifunika uso kwa koti, nikaangusha pazia lililochorwa maua, nikatoka mbio huku mpiga picha akidai koti lake nyuma yangu, na watu wa sokoni wakisikia hivyo hawaulizi mara mbili. Walinirudisha studio wamenishika ukosi, nikajua ndoa imekwisha. Mama alikuwa ameshageukia ukuta, amejitanda leso, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Mwacheni," akasema bila kugeuka. "Huyo ni mkwe wangu."

Nikauinamia mgongo wake kwa shukrani. Tangu siku hiyo, mtu nisiyemwona uso namjibu salamu tu, basi.