Safari Isiyo na Mwenyeji

Shangazi yangu amesafiri sana, kwa mtu ambaye hajawahi kwenda kutembea. Amefika Songea, Peramiho, Liuli, Lituhi, na Njombe mara moja, na kote huko alikwenda kuzika. Ukimuuliza Njombe ikoje atakwambia udongo wake ni mwekundu, kwa sababu alisimama karibu na shimo. Lituhi analikumbuka ziwa. Waliteremka ufukweni kunawa baada ya mazishi, maji yakawa ya uvuguvugu, mazuri, akatamani kuingia mpaka shingoni. Lakini mtu anayetoka kuzika hawezi kuonekana anaoga ziwani huku anacheka. Akanawa mikono, akapanda gari, akarudi Mbinga.

Mimi niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sijatulia. Nimeuza dagaa pwani ya ziwa, nimepakia mahindi Kitai, nimekuwa utingo wa lori la mizigo, na nimekaa Tunduma msimu mzima bila kazi ya maana, nikitazama tu watu wanavyovuka mpaka. Nikirudi nyumbani nafikia kwa shangazi. Mchana namsaidia kuchuma kahawa, jioni nachaji simu kwa jirani mwenye sola, kisha namwonyesha picha za mahali nilipofika na mahali ninapotaka kufika.

Ndivyo alivyouona ule ukuta. Ni picha ya magofu ya Zimbabwe Kuu, mji wa mawe wa watu wa kale, kuta ndefu zilizozunguka kama kikapu. Nilimweleza kwamba mawe yale yamepangwa tu, hakuna saruji wala udongo katikati, na yamesimama miaka mamia. Shangazi aliivuta simu karibu na uso.

"Na mvua zao zikoje?" akauliza.

"Zinanyesha kama kawaida."

"Na hauanguki?"

"Umesimama, shangazi. Unauona."

Alinirudishia simu, akasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Tuvune kahawa kwanza. Kisha unipeleke."

Nilidhani anatania. Kesho yake akaniuliza pasipoti hutolewa wapi. Nilipomwambia ni Songea, akasema ingekuwa mara yake ya kwanza kupanda basi la Songea bila kuvaa nguo za msiba. Hapo ndipo nilipoelewa anachotaka. Angalau mara moja, kabla magoti hayajakataa kabisa, alitaka kusafiri ambako hakuna aliyekufa.

Tukapanga. Kupanga safari ni raha ambayo haina mfano, na kwangu mimi ni nusu ya safari yenyewe. Tungeondoka mwezi wa kumi, kahawa ikiwa imeshauzwa na mahindi hayajapandwa. Basi hadi Songea, Njombe, Makambako, Mbeya. Tunduma tungevuka, tupite Zambia, tuvuke Zambezi, tuingie Harare. Harare tungekaa siku chache: kuona barabara zenye miti ya maua ya zambarau, soko kubwa la Mbare, na nje kidogo ya mji yale majabali yaliyopandana kama mtoto aliyembeba mwenzake mgongoni. Mwisho kabisa twende Masvingo, kwenye magofu. Shangazi alikariri majina hayo akiwa anaanika kahawa, kama mtu anayesali rozari.

Kilichobaki kilikuwa sengu.

Sengu ni desturi yetu Wamatengo. Kila nyumba ya ukoo inaleta chakula chake kwa mkubwa wa ukoo, watu wanakula pamoja, na wakishanawa mikono mambo yanasemwa. Siku hizi koo nyingi zimeiacha. Kwetu inafanyika Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa baba mkubwa, ambaye ni kaka yake shangazi. Safari ndefu haiondoki bila kupita pale. Mimi nilikuwa nimeondoka mara nyingi bila kupita pale, na hilo halikusahauliwa.

Nilieleza yote vizuri. Baba mkubwa alisikiliza hadi mwisho, akachokoa mwiba wa samaki menoni, akauliza:

"Mnafikia kwa nani?"

"Kuna nyumba za wageni, baba. Nzuri tu."

"Sijauliza mtalala wapi. Nimeuliza mnafikia kwa nani."

"Hatuna mtu kule."

"Basi hamna safari. Dada yangu hatazunguka nchi ya watu kama kuku aliyepotea. Mtu anatoka kwake kwenda kwa mtu."

Shangazi aliinamia sahani, akaanza kukusanya punje za wali ambazo hazikuwapo.

Mimi nikadhani kinachotakiwa ni mwenyeji tu, basi nikamtafuta. Nikampigia dereva niliyemjua Tunduma, akanipa namba ya dereva mwenzake, huyo akanipa namba ya mama mmoja Mnyakyusa aliyeolewa Harare na anapangisha vyumba. Mama yule alicheka kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio. Alisema kama tutamletea maharage ya Mbinga, tufike hata kesho. Jumapili iliyofuata nikaenda kwenye sengu natembea kwa madaha.

"Tumepata wa kufikia," nikasema. "Ni mama wa kwetu kabisa, Mnyakyusa."

"Mnyakyusa tangu lini ni wa kwetu?" akadakia shemeji yangu.

Shemeji huyu ni mume wa dada yangu, Mngoni wa Songea, na Wangoni na sisi ni watani. Kila Jumapili anakula ugali wetu na kututukana.

"Ukifika Harare, wewe Mmatengo ni Mnyakyusa, na Mnyakyusa ni Mmatengo," nikamjibu. "Hata wewe tungekuokota."

Baba mkubwa aliinua mkono. "Mjini sawa. Na huko kwenye mawe?"

"Kule hakuna mtu, baba. Ni magofu."

"Wenyewe wako wapi?"

"Waliondoka zamani. Wajukuu zao wanaishi jirani jirani, ila ndani ya kuta hakai mtu."

"Waliondoka wakamwachia nani?"

Shemeji akasafisha koo.

"Hizo kuta, shemeji, ni nzima zote?"

"Nyingine zimebomoka."

"Basi usihangaike kutafuta aliyebomoa. Babu zetu Wangoni walipotoka kusini hawakuruka angani. Walipita huko huko kabla ya kuvuka Zambezi."

"Na sasa unajisifu!"

"Nakusaidia kupata mwenyeji. Ukifika sema umetumwa na mimi."

"Nikisema hivyo watanipiga mawe, na mawe wanayo!"

Watu walicheka, hata baba mkubwa alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini alipomaliza kucheka alirudi pale pale. "Hakuna mwenyeji, hakuna wa kumsalimia, hakuna wa kukwambia karibu wala kwaheri. Hapana. Mtu haendi mahali pa namna hiyo."

Nilimtazama shangazi. Niliona mabega yake yakishuka, nikaona basi la Songea likiondoka bila sisi. Kisha akaweka kikombe chini.

"Kaka," akasema, "nikipata habari kwamba kuna msiba Njombe, utaniuliza nafikia kwa nani?"

"Msiba ni msiba. Unaanzia msibani."

"Umewahi kunikatalia kwenda kwenye msiba?"

"Nikukatalie nina wazimu?"

"Basi kule kuna msiba. Umekufa mji mzima. Mfalme, wake zake, wajenzi, na waliokuwa wakiwapikia wajenzi. Umekufa miaka mamia, na kutoka Mbinga hajaenda hata mtu mmoja kutoa pole. Hata mmoja! Na huyu mkwe wetu amekiri hapa, mbele ya chakula, kwamba nduguze wanahusika."

Shemeji akasogeza kiti chake nyuma.

Baba mkubwa alikuna kidevu. Ni mtu wa haki, na ukimletea hoja kwa njia anayoijua hawezi kuikwepa. "Miaka mamia," akasema. "Tumechelewa sana."

"Ndiyo maana nina haraka," shangazi akasema.

Akaruhusu. Lakini kwa kuwa sasa ulikuwa msiba, ukafuata sheria za msiba, na ratiba yangu nzuri ikavunjwa pale pale. Mtu hatembei sokoni kabla ya kutoa pole. Kwa hiyo tukishuka Harare tutapanda basi lingine moja kwa moja hadi Masvingo, bila kugeuza shingo. Hakuna kwenda mikono mitupu. Kila nyumba itatoa maharage kidogo, na kwa kuwa wafiwa hawapo, tutawapa walinzi wa magofu. Nilijaribu kueleza habari za forodha nikanyamazishwa. Hatimaye baba mkubwa aliuliza tutakaa msibani muda gani.

"Msiba wa zamani hivyo haulaliwi," shangazi akajibu haraka. "Tunatoa pole, tunazunguka kuta, tunaushika ukuta kidogo, tunatoka. Halafu tunarudi Harare kuanua matanga."

"Kuanua matanga kwa siku ngapi?"

"Kaka, mji mzima umekufa. Huanui tanga la mji mzima kwa siku moja."

Shemeji alikohoa sana ili asicheke. Mimi niliangalia dari. Baba mkubwa alijua kabisa anafanywa nini, naamini alijua, kwa maana macho yake yalikuwa yanang'aa. Akasema tu, "Haya. Na huyu," akaninyooshea kidole, "akikataa kurudi, umwache huko huko na wafu wako."

Tulienda Songea wiki ile kushughulikia pasipoti. Kwenye picha shangazi aliambiwa asitabasamu, ikabidi mpiga picha arudie mara kadhaa. Tulipotoka alinivuta hadi kwenye duka la vitambaa, akapita khanga nyeusi zote bila kuzitazama, akasimama mbele ya kitenge chekundu chenye maua makubwa ya njano.

"Hicho ni cha msibani, shangazi?"

"Cha msibani ninacho, kimechakaa kwa kazi," akasema, akimpa muuza duka upande wa kitambaa ashike. "Hiki ni cha Harare. Mwambie akate cha kutosha, nataka gauni lenye mikono mipana."