Hindi Sikioni

Mama anayetuuzia mbegu hapa Kianjai hana haraka. Kabla ya kutundika mahindi juu ya moshi wa jikoni, hushika kila hindi kwa vidole vyeusi vya masizi, akaliweka sikioni na kusikiliza dumuzi wakitafuna. "Mdudu akikataa," husema, "wewe utakula kwa nini?" Msimu huu jirani yake, Muthamia, alipanda ile mbegu mpya ya maabara isiyoguswa na wadudu. Ua tu ndio unaotenganisha mashamba yao, na chavua ya mahindi hupeperushwa na upepo. Jana nilimkuta mama huyo akisikiliza mahindi yake mwenyewe, moja baada ya jingine. Akaninyooshea moja. "Mwalimu, sikiliza wewe." Nilisikia kuni zikipasuka motoni, lakini ndani ya hindi hakuna kilichotafuna. Yeye alikuwa anautazama mlango. "Upepo wa kwa Muthamia," alinong'ona, "umeingia huku bila hodi."