Ukoko wa Mgeni wa Heshima

Nianze kwa kukiri kwamba mpaka leo nikiwa sokoni Omurushaka nikamwona mtu yeyote wa Mabira najificha nyuma ya magunia ya maharage, na msinicheke, maana nilibakiza kidogo tu nimkose mke.

Mchumba wangu Adela ni wa Mabira, na shangazi yake, ambaye ndiye mwenye kauli kwao, alikuwa anakuja kwetu Rugu kuona kama mtoto wao anakwenda kuishi au kuteseka. Mama, akiwaza ndizi zetu za kila siku, akauliza, "Nimenye ebitoke?" Nikamjibu, "Hapana mama, pumzika, leo napika mimi" (hapo ndipo shetani alipoingia, tena bila hodi), kwa sababu nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi Wahispania wanavyopika wali wao wa manjano kwenye chombo kipana, hawafuniki, hawakorogi, na ukoko wa chini ndio anaopewa mgeni wa heshima.

Chombo kipana sina, nikabandika sinia juu ya mafiga. Sinia jembamba na moto wa kuni wapi na wapi! Likabonyea, likajirudi paa! nusu ya wali ikarukia jivuni, kuku wa mama wakapata sikukuu, na uliobaki ukagandia chini ukawa mweusi. Nikajifariji kwamba huo ndio wenyewe, nikaubandua kwa panga (ndiyo, panga, kijiko kilishapinda).

"Karibu shangazi, hili ndilo pande la heshima."

Akalitazama. Kwetu ukoko wanagombania watoto, mgeni haonyeshwi. Akadonoa punje za pembeni, akanawa, akakaa nusu saa nzima. Kumbe anasubiri chakula!

"Mwanangu," akasema taratibu, "kwa hicho kitafunio tumeshukuru. Chakula kinaiva saa ngapi?"

"Ndicho hicho, shangazi."

Akainuka, akajifunga kanga kiunoni, akaomba kisu, akaingia kwenye migomba yetu, akakata mkungu, akaketi uani kumenya ndizi mwenyewe. Mgeni! Mama yangu, ambaye tangu aolewe hajawahi kulaza mgeni na njaa, akajifunika uso kwa kitenge akalia, na hapo ndipo aibu iliponishika kweli.

Tulikula jioni. Shangazi akampakulia mama kwanza, mimi mwisho, akasema, "Binti tutamtoa. Ila huyu kijana aape hapa mbele ya mama yake kwamba jikoni kwa Adela hakanyagi."

Nikaapa. Nimeapa mengi maishani, hata kuacha pombe ya rubisi, lakini kiapo hicho ndicho pekee ambacho koo zote mbili zinanisaidia kukitunza.