Mtoto Aliyekaa Chini ya Dirisha

Mama mkubwa Eliwaza alifeli mtihani wa ualimu kwa sababu ya mtoto ambaye hakuwahi kuongea naye hata neno moja.

Mtoto hakumsema vibaya. Alikuwa anamwachia maziwa.

Najua mmeshaanza, "huyu naye katunga." Haya, sijatunga. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku anachambua maharage, na muda wote hakuniangalia usoni.

Ni miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo. Eliwaza, msichana wa Myamba, milimani kwetu Upareni, alikuwa chuo cha ualimu cha misheni. Alisomea kufundisha watoto wadogo.

Kabla hajaondoka, wazee wa usharika walimwambia baba yake, mzee Eliamini, bila kumung'unya maneno.

"Tunamjaribu huyu mmoja. Akishindwa, hatupeleki binti mwingine."

Na nyumbani kulikuwa na mdogo wake, Yudith, anasubiri zamu yake kwa hamu. Kwa hiyo Eliwaza akifeli, wamefeli wawili.

Sasa bwana, mwaka wa mwisho kulikuwa na mtihani wa ajabu. Unapelekwa shule ngeni, unachagua mtoto mmoja, unamtazama muhula mzima, halafu unaandika ripoti. Kumtazama tu! Kuongea naye hapana. Kumchekea hapana. Kupokea kitu chake ndiyo kabisa, usithubutu.

"Kaa mpaka mtoto asahau kwamba upo," alisema Misi, Mwingereza aliyekuwa anawafundisha. "Hapo ndipo utamwona alivyo."

Eliwaza akatupwa tambarare, nje ya Same, kwenye shule ya darasa moja iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kimasai.

Aisee, alikoma.

Mwalimu wa pale, Isihaka, alikuwa mtu mwema, lakini jioni anapanda baiskeli yake anarudi Same kwa mkewe. Watoto wanarudi maboma kwao. Anabaki Eliwaza na kichumba chake nyuma ya stoo, na upepo wa vumbi.

Wa kuongea naye Kichasu, lugha yetu Wapare, hakuna. Kimaa cha Wamasai hajui. Siku moja akasema ngoja nipike makande, nijisikie nyumbani. Jamani, makande ya mtu mmoja yanapikwaje? Chakula chenyewe kimezoea sufuria kubwa na watu wamekaa wanangoja. Alikula kidogo, yakachacha, akayamwaga huku analia.

"Hata nilipofiwa na mume sikuwa mpweke vile," aliniambia. "Msiba una watu, mwanangu."

Mtoto aliyemchagua aliitwa Nairesiae, binti wa boma la Ledama. Serikali ilikuwa imeagiza kila boma litoe mtoto mmoja wa shule. Wavulana wa Ledama walikuwa machungani, basi akatoa binti.

Na mtoto huyu alikuwa anatia huruma.

Wakati wa mapumziko wenzake wanakimbizana uwanjani, wanacheka mpaka wanaanguka. Yeye anakuja kukaa chini ya dirisha lile lile ambapo Eliwaza anaketi ndani akitazama. Hachezi. Haongei. Kakaa tu.

Alikuwa na kibuyu kidogo cha maziwa. Anakunywa nusu, anakiweka dirishani, anaondoka. Saa ya kwenda nyumbani anakuja kukichukua, anakitikisa, anakuta maziwa bado yamo. Basi anaondoka kichwa chini.

Nyie mnaotutania Wapare kwa ubahili, hebu fikirieni hapo. Maziwa ya bure yapo karibu na mkono, na Mpare hayagusi! Mtihani ulikuwa mgumu, acheni.

Mama wa mtoto, Nenkai, alikuwa anapita na punda wa maji. Anasimama mbali, anatazama dirishani, anaenda zake. Hata kumsogelea mwanawe hamsogelei.

Eliwaza akaandika yote. Mtoto hana rafiki. Hana hamu ya kula. Ana huzuni. Mama yake hamjali.

Aliandika kwa uchungu hasa. Mimi nimefundisha, najua ripoti za wanachuo zilivyo, wengi wanaandika ili waondoke. Yeye kila mstari aliusikia mwilini.

Siku ya mtihani Misi akaja na Landrova. Akasoma ripoti pale pale darasani, ukurasa baada ya ukurasa. Alipomaliza, macho yalikuwa mekundu.

"Eliwaza, hii ndiyo ripoti bora kuliko zote mwaka huu."

Eliwaza akamwona Yudith akilini kabisa, kashika sanduku, anapanda basi kwenda chuo.

"Na mtoto huyu hawezi kuachwa hivi," Misi akaendelea. "Nitaongea na Bwana Shauri wa wilaya. Achukuliwe, apelekwe bweni la misheni huko milimani. Mwiteni mama yake."

Eliwaza hakuwa amefikiria kwamba maneno yake yanaweza kumhamisha mtu.

Nenkai akaja, kasimama mlangoni, shanga zinalia kifuani. Isihaka akamweleza kwa Kimaa. Mama akamtazama Misi, akamtazama Isihaka, akaanza kucheka. Halafu akaona kwamba hawatanii, kicheko kikakatika.

"Anasema mwanawe ana marafiki tele," Isihaka akatafsiri. "Kule bomani ndiye kinara wa fujo."

"Mbona hapa anakaa peke yake?" Misi akauliza.

Nenkai akamnyooshea Eliwaza kidole.

Isihaka akamgeukia Eliwaza. "Anasema mtoto hakai peke yake. Anakaa na huyu."

"Anasema alimwona huyu binti siku ya kwanza, kaketi dirishani, hana anayeongea naye. Akajua kafiwa, au kwao wamemfukuza. Akamwambia mtoto asimwache mpaka ndugu zake waje kumchukua. Michezo ataikuta. Na maziwa wagawane. Anapita kumtazama kila siku. Huwa anamuuliza mtoto kama huyu binti ameanza kula."

Nenkai akauliza tena kitu, huku anamtazama Misi.

"Anauliza kama wewe ndiye ndugu yake. Kama umekuja kumchukua."

Misi akafunga ripoti polepole. "Akina mama wote hutetea watoto wao. Lakini wewe ndiye uliyemtazama muhula mzima, Eliwaza. Nitaamini neno lako."

Hapo sasa.

Angenyamaza tu. Cheti kipo mkononi, Yudith anakwenda chuo, wazee wanaona aibu. Na mtoto wa Ledama anapanda Landrova, anakwenda kulala asikojua mtu wala lugha. Eliwaza alijua vizuri hali hiyo inavyokuwa.

"Ripoti yangu si ya kweli, Misi," akasema. "Mtoto huyu si mpweke."

"Basi umeandika habari za nani?"

"Zangu."

Akalia mbele ya wote, kilio cha muhula mzima. Nenkai hakungoja tafsiri. Aliingia, akamkalisha chini, akakaa naye.

Misi hakumpitisha. Hakuwa mkali, lakini hakumpitisha. Mtoto alibaki kwao. Eliwaza akarudia mwaka mzima, wenzake wameshaondoka, akapata cheti chake, na akaomba mwenyewe kurudishwa kufundisha kule kule tambarare.

Wazee wa usharika walishika neno lao; kafeli mara ya kwanza, basi, hata kama cheti kilikuja baadaye. Yudith hakwenda chuo.

Yudith ndiye mama yangu.

Aliposikia, alikaa mwaka mzima bila kumsemesha dada yake. Nilimuuliza siku moja kama alishamsamehe. Akaniambia, "Nilimsamehe nilipokuzaa wewe. Nilikuangalia nikasema, na mtu aje na karatasi anichukulie huyu?" Halafu akaenda jikoni, na hatukuongea tena habari hiyo.

Nami nimefundisha watoto kwa miaka mingi, na nikipata wanachuo wa mazoezi nawaambia jambo moja tu. Nawaambia na nyie.

Ukimwona mtu kajitenga, usikimbilie kumwandikia huzuni. Tazama kwanza alipokaa. Huenda amekaa na wewe.