Malkia Alipocheka, Taya Likagoma

Ninachokusimulia hapa hutaamini, hata mimi nilimwambia mwenyewe arudie kunisimulia. Mwanamke kacheka kazini, mdomo ukakataa kufunga, wenzake wakampigia makofi.

Ni saa ya chakula kwenye karakana ya kushona sare. Mashine zimenyamaza, mabakuli yamefunguliwa. Mshona vifungo wanayemwita Malkia ameketi mezani nao, na hii ndiyo wiki yake ya kwanza kuketi hapo, ingawa kazi ameianza miaka sita iliyopita.

Miaka yote hiyo alikula peke yake stoo, juu ya marobota ya vitambaa. Wenzake wakasema anajisikia. Hacheki, haongei, muda wote pini mdomoni.

"Taya langu linalia," ananinong'oneza mimi, mgeni niliyekuja kurekodi habari za karakana. "Kra, kra. Nikitafuna, wa pembeni anasikia."

Utotoni alivalishwa waya za meno, na usiku mkanda wa kuvuta taya nyuma. Baba yake, dereva wa lori, ndiye aliyetaka. "Aliniambia, mwanangu, nataka ucheke bila kuziba mdomo."

Meno yakanyooka kweli, yanapendeza. Ukubwani taya likaanza kukwama. Daktari kamwambia hawezi kuapa kama ni zile waya au lingeharibika tu, ila asipanue mdomo.

"Baba bado anawaonyesha watu picha yangu nikicheka. Nimwambie nini?"

Sasa sikia. Mwanzoni mwa wiki hii mkata vitambaa, wanamwita Mikasi, alikuwa anamwigiza msimamizi akitafuta miwani aliyoivaa. Malkia akacheka, akajisahau. Taya likachomoka. Mdomo wazi, mate yanatiririka.

"Jamani, kumbe Malkia naye ana vituko," Mikasi akasema. Watu wakashika mbavu, wakampigia makofi, wakidhani anaigiza.

Akakimbilia stoo, akalirudisha kwa vidole gumba, machozi yanamtoka. Aliporudi, akakuta wamemsogezea kiti.

"Shoga, kaa hapa," mmoja akamwambia. "Ulikuwa unatubania vituko vyako."

Tangu hapo anakula nao, anatafuna pole pole wakati wengine wanapiga kelele.

"Wanampenda yule mwenye ile sura," ananinong'oneza. "Mimi hawanijui. Nataka niwaambie, halafu wanibakishie kiti."

Simu yangu inarekodi. Mikasi anagonga meza. "Malkia, mgeni hajaiona. Hebu tupe ile sura."

Wote wamemgeukia. Yeye kalishika taya kwa kiganja, ananitazama mimi.

Ungekuwa wewe, ungewaambia ukweli, au ungefungua mdomo?